Nyama ya Ngombe: Mboga ya Nani?

Mu Lubumbashi, mtu akiuliza « Leo mboga ni nini? », anaweza kujibiwa sombe, lengalenga, maharagwe, thomson, ndakala, ao nyama ya ngombe. Vyote hivyo ni mboga. Bukari njo chakula. Kile kinachosindikiza bukari, hata kikiwa na mifupa, sisi tunakiita mboga. Wandugu wanaotoka Dar es Salaam ao Mombasa wanatucheka kidogo juu ya neno hilo, kwani kwao mboga ni majani. Sisi tunaona neno letu lina akili yake. Katika kurasa hizi tutalitumia ili kupima ubishi mmoja uliofika mpaka kwetu: kula nyama ya ngombe, ni vizuri kwa mwili na kwa dunia, ao ni vibaya?

Ubishi huo ulianzia mbali. Mwaka 2006, FAO, shirika la Umoja wa Mataifa juu ya chakula na kilimo, ilitoa ripoti yenye kushitaki ufugaji kwamba unaharibu hewa, maji na pori. Mwaka 2015, CIRC, kituo cha OMS kinachochunguza kansa kule Lyon, kiliweka nyama nyekundu katika orodha ya vitu ambavyo huenda vinaleta kansa. Nyama za kiwanda, sawa sosisi na nyama za mikebe, kiliziweka katika orodha ya vile vinavyoleta kansa kwa hakika. Mwaka 2019, wataalamu wa kikundi cha EAT-Lancet walipendekeza mtu ale karibu gramu 14 za nyama nyekundu kwa siku, yaani karibu gramu 100 kwa juma.

Habari hizo zimefika kwetu kwa radio, kwa telefone, na kwa wandugu walio Bruxelles na Johannesburg. Zimegawanya watu waliosoma. Wengine wanarudilia yale waliyosikia: « Bazungu banasemaka nyama njo inaletaka kansa. » Wengine wanajibu kwa ukali: « Bankambo betu balikulaka nyama, na balifikishaka myaka mia. » Tumesikiliza pande zote mbili. Tunaona zote mbili zinaruka maswali mawili ambayo mama yeyote wa Katuba anayauliza bila kusoma ripoti: nyama hii inatoka wapi? Na itaingia mu sahani ya nani?

1. Ngombe na bankambo

Tuanze na wale wanaojificha nyuma ya bankambo. Ni ngombe gani hao walikula? Katanga ya kusini ni inchi ya miombo, na mu miombo muliishi nzi wa ndorobo, anayeua ngombe na kuwaletea watu ugonjwa wa usingizi. Balamba, Basanga, Bakaonde, Babemba na Baluba walilima, waliwinda, walivua samaki mu Luapula, mu Lufira, mu ziwa Moero na mu maziwa ya Upemba. Walifuga kuku na mbuzi. Bayeke wa Msiri walitoka Unyamwezi, inchi yenye ngombe, lakini nguvu za Bunkeya zilitokana na shaba, pembe, chumvi na biashara ya watumwa. Hazikutokana na mifugo. Hata mali ya ndoa, kwetu ilitolewa kwa majembe na kwa misalaba ya shaba. Haikuhesabiwa kwa ngombe sawa kwa Bashi wa Kivu.

Nyama ya bankambo ilikuwa nyama ya pori, na ilikuwa na sheria zake. Muwindaji hakukula peke yake. Mfumu alipata fungu lake, ule mulambo tunaoujua. Wakwe nao walipata lao. Tena kila ukoo ulikuwa na bijila vyake, nyama ambazo watu wa ukoo hawakugusa hata wakiwa na njaa. Kwa hiyo, kukataa nyama fulani si akili iliyotoka Bulaya jana. Bankambo waliweka mipaka juu ya nyama kabla ya daktari yeyote wa Lyon.

Ngombe wa Lubumbashi, yeye alikuja na reli. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville mwaka 1910. Muji ulijengwa mbio, wafanyakazi walitoka pande zote, na wote walitaka kula. Ngombe waliletwa kutoka kusini, wakachinjwa hapa. Mu miaka ya 1920, kampani ya Elakat ilisimamisha mashamba makubwa ya ngombe ili kulisha migodi. Kule juu ya Biano, kwenye zaidi ya metre 1 500, baridi inamfukuza ndorobo, na majani ni mengi. Makundi ya GRELKA yanatembea kule Biano hata leo, sawa vile ya Pastorale du Haut-Lomami upande wa kaskazini.

Basi nyama ya ngombe ni desturi yetu kweli, lakini ni desturi ya muji na ya kampani. Umri wake unapita kidogo tu miaka mia moja. Hatusemi hivyo kwa kuidharau. Bukari ya mahindi nayo ilipata nguvu mu muji kwa njia hiyo hiyo, na leo nani atasema si yetu? Tunataka tu mambo yaitwe kwa majina yao. Desturi iliyoletwa na mkate wa kazi inaweza kuchunguzwa bila kuogopa hasira ya wazimu wa bankambo.

2. Poso ya kampani na sahani ya baba

Kampani haikugawa nyama juu ya mapendo. Kutoka mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière iliamua kushikilia wafanyakazi wake kwa muda mrefu, pamoja na bibi na watoto wao, ndani ya kampi. Munganga Léopold Mottoulle, mmoja wa wakubwa wa siasa hiyo, aliandika juu yake buku mwaka 1946. Poso ilipimwa: unga, nyama ao samaki, mafuta, karanga, maharagwe, chumvi. Ilipimwa ili mikono ya mufanyakazi iwe na nguvu, na watoto wake wakue kuwa wafanyakazi wa kesho. Watu wa kampi walisema: « Union Minière njo baba, njo mama. » Neno hilo lilikuwa la shukrani, na lilikuwa pia la utumishi.

Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alitoa mwaka 2001 buku lenye kichwa « Bana Shaba abandonnés par leur père ». Kichwa hicho kinasema mengi. Anaonyesha namna mamlaka ya baba mu nyumba ya mufanyakazi yaliegemea kampani: yeye njo alileta unga, yeye njo jina lake liliandikwa. Union Minière ikawa mali ya serikali mwaka 1967, kisha ikaitwa Gécamines. Mu miaka ya 1990 Gécamines ikaanguka. Mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10 000 walitolewa mu kazi kwa ile iliyoitwa « départ volontaire ». Baba akabaki na jina, bila poso.

Lakini desturi moja ya mezani haikuanguka. Mu nyumba nyingi, kipande kikubwa cha nyama kingali kinamfuata baba. Cha pili ni cha mgeni. Mama anabaki na mfupa, na watoto wanachovya bukari mu supu. « Batoto banakula supu, inatosha. » Hapana, haitoshi. Supu ina harufu ya nyama na chumvi, lakini sehemu kubwa ya kile kinachojenga mwili imebaki ndani ya kipande. Wakati wa kampi, watu walijitetea kwa kusema baba anafanya kazi nzito chini ya udongo. Leo mu nyumba nyingi mama njo anatafuta pesa, akiuza mu soko ya Kenya toka asubui mpaka jua kuzama, na kipande kingali kinaenda kwa baba. Desturi imepoteza sababu yake, na sisi tunaendelea kuiheshimu.

Hapa njo tunakosoa ubishi ule wa mbali. Unahesabu nyama kwa kila mtu wa inchi, sawa vile kila mtu ana sahani yake. Kwetu, nyungu ni moja, na kuna mtu anayegawa.

3. Mwili: miguu miwili ya kuvimba

Maneno ya CIRC yasomwe vizuri. Inasema kila gramu 50 za nyama ya kiwanda zinazoliwa kila siku zinaongeza hatari ya kansa ya utumbo mkubwa kwa karibu 18%. Juu ya nyama nyekundu ya kawaida, neno lake ni « huenda ». Wataalamu wa World Cancer Research Fund wanashauri mtu asipite gramu 350 mpaka 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa juma. Tuchukue hiyo nusu kilo, tutembee nayo mu Katuba, mu Kenya, mu Ruashi. Nyumba yenye watu nane ingehitaji kupika kilo nne kila juma ili ifike kwenye mpaka huo. Nyumba ngapi zinafika pale?

Uchunguzi wa taifa juu ya watu na afya, ule wa 2013-2014, ulikuta 43% ya watoto wa Kongo walio chini ya miaka 5 wamedumaa: ni wafupi kupita umri wao, juu ya kukosa chakula chenye kujenga mwili kwa muda mrefu. Nyama ya ngombe ina chuma kinachoingia mu damu kwa urahisi, ina zinki, ina vitamini B12 ambayo sombe na lengalenga hazina. Mtoto wa mwaka mmoja, au mama mwenye mimba aliyepungukiwa damu, akipata kipande kidogo kilichosagwa mu chakula chake, anapata faida kubwa. Kumwambia mama huyo apunguze nyama juu ya kansa ni kumuuzia dawa ya ugonjwa wa jirani.

Tena wale wa EAT-Lancet wenyewe hawakusema hivyo. Waliandika wazi kwamba mu Afrika, kusini ya Sahara, ambamo watoto wengi wanakosa chakula bora, ni vigumu kupata yote kwa majani na nafaka peke yake, na kwamba swali la nyama, maziwa na mayai lipimwe kwa uangalifu. Waliandika pia kwamba watu wa Amerika ya Kaskazini wanapita kipimo chao cha nyama nyekundu zaidi ya mara sita. Wasomi wetu wanaobeba namba 14 na kuacha maneno hayo wamesoma nusu ya ukurasa.

Lakini wapenda nyama wasipige mikono haraka. Kuna Lubumbashi ingine: ya brosheti na bia kila jioni, ya salle za harusi ambamo mtu anajaza sahani mara tatu, ya bakubwa ambao kwao siku bila nyama ni aibu. Kwa hao, onyo la Ulaya limewafaa kabisa. Waganga wetu wanawajua kwa tansio, kwa sukari, kwa gute, ule ugonjwa unaovimbisha kidole kikubwa cha mguu kwa mtu anayependa nyama na bia.

Hivi mu muji mmoja, hata mu ukoo mmoja, utakuta miguu miwili ya kuvimba. Mguu wa baba mkubwa umevimba juu ya gute. Mguu wa mtoto umevimba juu ya kwashiorkori. Mmoja amekula fungu la mwingine, na wote wawili wanapelekwa kwa munganga. Ripoti inayosema « nyama ni mbaya » inamfaa wa kwanza. Mtetezi anayesema « nyama ni nguvu » anamfaa wa pili. Hakuna kati yao anayesema: songesheni kipande kutoka sahani hii kwenda ile.

4. Pori: nyama inatoka wapi?

Swali la pili ni la zamani mu muji huu. Wakati wa ukoloni, watu wa kampi waliogopa batumbula: walisema kuna watu wanaokamata wenzao usiku ili wazungu wawale. Wengine wanayaona maneno hayo kuwa ujinga tu. Sisi tunaona ndani yake swali la kweli: sisi tunaolishwa na mkono tusiouona, tunakula nini, na nani analiwa?

FAO ilihesabu mwaka 2006 kwamba ufugaji unaleta 18% ya hewa chafu zinazochomesha dunia joto. Mwaka 2013 ilisema 14,5%. Mwaka 2023, karibu 12%. Njia ya kuhesabu imebadilika, lakini ngombe anabaki wa kwanza kati ya mifugo yote, juu ya hewa ya metani anayotoa akicheua. Kule Brazil, msitu wa Amazonia unakatwa zaidi juu ya malisho ya ngombe.

Je, ngombe wa Biano ana kosa hilo hilo? Yeye anakula majani ya bonde la juu ambalo halikuwa msitu mzito, na mahindi ambayo mtu angekula hayamhusu sana. Hapo ana haki ya kutetewa. Lakini ngombe wa majani makavu anakua polepole. Anacheua miaka mingi kabla ya kuchinjwa, na kwa kila kilo ya nyama metani yake inakuwa nyingi kuliko ya ngombe anayenona mbio. Wanaotetea ngombe wa kwetu wasifiche jambo hilo. Wala wasisahau udongo. Kule Masisi, mu Kivu ya Kaskazini, mashamba makubwa ya ngombe, mengi yaliyopatikana wakati wa Mobutu, yaliwaacha wakulima wengi bila mahali pa kulima. Ngombe akitafuta nafasi, lazima tuulize nani anaondoka.

Hata hivyo, kidonda cha pori la Lubumbashi hakikutoka kwa ngombe. Kimetoka kwa makala. Umeme unakatika, watu wanapika juu ya mbabula, na miombo inarudi nyuma kila mwaka. Nyama ngumu inachemka saa mbili ao tatu. Maharagwe nayo vilevile. Kwa mwenye kuhesabu moshi wa nyungu, kuacha nyama na kuchukua maharagwe hakuponyi muti hata mmoja, mpaka tupate njia ingine ya kupika.

Na muti ukikatwa, mboga ingine inakufa pamoja nao. Juu ya muputu na mutondo wanaishi vinkubala, na wengine wa jamaa yao sawa tunkubiu. Profesa François Malaisse, aliyefundisha hapa Lubumbashi, pamoja na Parent, walichunguza mwaka 1980 aina 23 za viwavi vinavyoliwa mu Shaba ya kusini. Walikuta kwamba mu gramu 100 za viwavi vikavu, zaidi ya 60 ni protini. Mwaka 1997 Malaisse alitoa buku zima juu ya vyakula vya miombo, « Se nourrir en forêt claire africaine ». Viwavi havihitaji malisho, havihitaji friji wala boloko la mpaka wa Kasumbalesa. Vinahitaji muti usimame. Lakini wengi wetu tunaona aibu kuviandalia mgeni, na tunaona sifa kumpa thomson iliyogandishwa, iliyosafiri kutoka bahari ya Namibia.

Tuseme tena jambo moja kwa wale wanaodhani majani ni usafi peke yake. Mwaka 2009, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, chini ya kilometre 3, wana kobalti na metali zingine nyingi mu mwili. Lengalenga iliyolimwa kwenye udongo wa namna hiyo nayo lazima ijibu swali: inatoka wapi?

5. Neno letu

Tukiulizwa kama nyama ya ngombe ni nzuri ao mbaya, tunarudia neno tulilolianza. Kwetu ni mboga. Mboga haitawali sahani, inasindikiza. Inabadilika kwa siku: leo sombe, kesho maharagwe, keshokutwa vinkubala, siku ingine ngombe. Desturi hiyo ya kubadilisha ni bora kuliko mafundisho mengi yanayotoka mbali, na ilikuwa hapa kabla ya ripoti. Iliharibiwa tulipoanza kuhesabu heshima ya mtu kwa uzito wa nyama: mu harusi, mu sikukuu, hata mu kilio, ambamo ukoo unakopa pesa ili waliaji wasiseme « tulikula majani ».

Kwa hiyo tunapinga mambo mawili. Tunapinga kumkataza mtoto wa Ruashi nyama juu ya makosa ya mlaji wa Chicago. Tunapinga pia kutumia njaa ya mtoto huyo ili kutetea sahani ya tatu ya mtu mzima mu salle ya harusi. Wote wawili wanatumia jina la mtoto, na hakuna aliyempa kipande.

Vyama vyetu vya utamaduni vinaandaa karamu kila mwaka, na desturi ya kugawa inajulikana: wakubwa mbele, kisha wageni, kisha mama, na watoto wanangoja mu kiwanja na sahani ya bukari. Tunaomba wazee na wamama wanaosimamia nyungu wafikirie jambo hili kabla ya karamu inayokuja: sahani za watoto na za mama wenye mimba zijazwe kwanza, na nyama iwe ndani yake, iliyokatwa kidogo kidogo. Pembeni yake muweke vinkubala, mbele ya wageni, bila haya. Wakubwa watakula kinachobaki, na miguu yao itawashukuru.